Mama kabadilishwa goti, kaka keshalipia meli: aende asiende?

Maswali ya wasomaji kuhusu mifupa na viungo. Anayejibu ni nesi mstaafu wa wodi ya mifupa, mkaazi wa Lamu.

SWALI: Asalaam aleikum anti. Mimi msomaji wako wa Langoni hapa hapa Lamu. Mama yetu ana miaka 68, goti lake la kulia limemtesa miaka mingi mpaka ikafika hata kushuka ngazi za nyumba hawezi, basi mwisho wa Novemba akafanyiwa operesheni Mombasa akawekewa goti bandia na alhamdulillah ilienda vizuri, saa hii anatembea na woka, kile chuma cha kushikilia, ndani ya nyumba na mtu wa fizio, wa mazoezi ya viungo, anamjia. Tatizo ni kaka yetu alioko Dubai. Kabla ya operesheni alikua ashalipia safari ya meli ya kitalii, zile kubwa za maghorofa, wiki nzima kutoka Dubai kupitia Abu Dhabi, kisiwa cha Sir Bani Yas, Khasab na Muscat huko Oman, na inaondoka wiki ya kwanza ya Januari. Mama kachangamka sana manake Muscat yuko dada yake wa baba mmoja hawajaonana tangu usichana wao. Kaka anasema meli ina lifti na ina daktari, mama atakua amekaa tu anakula anatizama bahari, bora huko kuliko Lamu na vichochoro na mapunda. Sisi wasichana tunaogopa. Daktari tulimpigia akasema "tutaona anavyoendelea", sasa anti hio ni ndio ama ni la? — Binti wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, mpe mama pole zangu na mpe hongera pia, manake goti si operesheni ya mchezo na kama ashaanza kutembea na woka basi amejikaza.

Kwa Januari, jibu langu ni la. Kwa baadae ni ndio, tena ndio kubwa, na msimuambie mama safari imefutwa, muambieni imesogezwa.

Sasa kaka yako nimtetee kidogo kwanza, manake kuna jambo amesema kweli. Meli zile zina sakafu sawa, zina vyuma vya kushikilia kila ukuta, lifti zipo, mtu akichoka kitanda kiko karibu, hakuna punda anakuja nyuma yako na mifuko sita ya simiti ukibanwa ukutani. Ukilinganisha na nyumba zetu za mji wa kale, ngazi nyembamba zinapanda kama za mnara, mgonjwa wa goti anapumzika zaidi melini kuliko mtaani Mkomani. Hapo sibishani nae.

Lakini mama hataamkia melini. Hebu fuata hio njia kwa akili. Anatoka nyumbani, anapita vichochoro mpaka jeti, anashuka zile ngazi za jeti ambazo maji yakitoka za chini zina utelezi, anaingia boti inayocheza, anavuka hadi eapoti ya Manda, anapanda ndege ndogo kwa ngazi zake za kutikisika, anafika Nairobi, na ikiwa ndege yenu inatua eapoti ndogo ya Wilson basi bado kuna kuvuka mji kwa gari hadi eapoti kubwa ya JKIA na jam mnaijua, hapo anakaa masaa ya kusubiri, ndio sasa aingie ndege ya Dubai masaa kama 5, alafu kule bandarini kuna foleni ya pasipoti na mizigo. Na mkisema mupite Mokowe, upande wa bara, kwa basi hadi Mombasa ndio mbaya zaidi, siku nzima ya kukaa goti limekunjwa. Yote hayo kabla hajaiona hio meli, na kurudi ni vile vile.

Jambo linalonitisha zaidi ni damu kuganda. Mtu akibadilishwa goti au nyonga, damu kwenye mishipa ya mguu inakua na tabia ya kuganda, na hatari hio ni kubwa wiki za mwanzo mwanzo na inakuja kupungua taratibu mpaka kama wiki ya 12. Ndio maana wanapewa zile dawa za kuzuia damu isigande, za kumeza au sindano za tumbo, wengine wiki mbili wengine mpaka siku 35. Sasa safari peke yake, hata kwa mtu mwenye afya asiekua na operesheni, Shirika la Afya Duniani lilishatoa ripoti 2007 kwamba ukikaa safarini masaa 4 au zaidi hatari ya damu kuganda inakua karibu mara mbili. Kwa mwenye afya ni hatari ndogo bado. Kwa mama wa miaka 68 mwenye goti la wiki tano, unachukua jambo ambalo lishapanda unalipandisha tena, na bonge la damu likitoka mguuni likaenda kwenye mapafu linaua. Madaktari wengi wa mifupa wanasema safari ndefu ya ndege ingoje miezi 3, ile fupi angalau wiki 6. Wiki tano haingii hata kwenye ile fupi.

Na goti la wiki tano, mwanangu, bado linavimba jioni, bado lina joto, kulikunja mpaka digrii 90 kwa wengine ni vita, na kiti cha ndege daraja la kawaida kinataka hizo 90 zako masaa matano na mtu wa mbele akilaza kiti chake ndio kabisa. Nimeona wagonjwa wanalia si kwa sababu ya kisu bali kwa kukaa.

Kwahivo la kufanya sasa hivi, leo, si kesho, kaka apige simu kwa kampuni aliyolipia aulize kubadilisha tarehe, manake hizi kampuni kawaida makato yanapanda kila siku ya safari ikikaribia. Mkaombe barua kwa daktari aliyefanya operesheni, iseme tarehe ya operesheni na kwamba mama hafai kusafiri kabla ya tarehe fulani, barua ya aina hio husaidia, na hapo daktari itabidi aandike kitu sio "tutaona". Meli za kule Ghuba zinatembea msimu wa baridi, kutoka kama Novemba mpaka Machi au Aprili hivi, baada ya hapo joto halivumiliki. Mkihesabu miezi mitatu toka mwisho wa Novemba munafika mwisho wa Februari, lakini angalieni na Ramadhani inaangukia wapi, munaweza mukaona bora baada ya Idd, na ikiwa msimu utakua umeisha basi ni Novemba ijayo, mama atakua na goti la mwaka mzima na atapanda Mutrah, pale bandarini Muscat, kwa miguu yake. Wala si kupoteza.

Mukipata tarehe mpya, kuna mambo ya kupanga ambayo kaka yako hayajui kwasababu yeye anatizama picha za bwawa la kuogelea.

Kabini kwanza. Bafu za kabini za kawaida kwenye meli nyingi zina kizingiti mlangoni cha kuinua mguu, na choo ni kifupi, na pahali pa kuoga ni kijisanduku. Zipo kabini za watu wenye shida ya kutembea, bafu halina kizingiti, kuna vyuma vya kushika na kiti cha kuogea, lakini ni chache na zinaisha mapema, kaka aulize hizo. Zikiwa hakuna basi aombe kiti cha kunyanyua choo, wanacho mara nyingi ila lazima useme kabla. Na kabini iwe katikati ya meli na ghorofa ya chini chini, huko ndio meli inacheza kidogo, na karibu na lifti. Hili sisi watu wa jahazi hatuhitaji kufundishwa, mtu akiumwa bahari si humketisha katikati.

Pili, mashukio. Abu Dhabi meli inafunga gati kabisa, Khasab pia, Muscat pia. Sir Bani Yas ndio ya kuulizia, zamani meli zilikua zinatia nanga nje na watu wanapelekwa pwani na boti ndogo, kaka aulize kampuni kama meli yao inafunga gati. Ikiwa ni boti, mwenye woka au kiti cha magurudumu anaweza kukataliwa siku hio kama bahari inachafuka, na hata kama hakukataliwa mimi ningemwambia mama abaki juu anywe chai, kuruka kutoka meli kuingia boti anakujua Lamu, hajaenda likizo kufanya kazi ya nyumbani. Khasab nako kuna ile safari ya jahazi kuzunguka kwenye milima ya bahari, inasifiwa sana, lakini abiria wanakaa chini kwenye mazulia na mito! Kukaa chini na kunyanyuka ndio jambo la mwisho goti jipya linakubali. Aulize kama kuna benchi, kama hakuna aache. Muscat ndio rahisi kuliko yote na ndio shabaha yake, meli inafunga Mutrah pale pale mjini, kuna basi la kuwatoa getini, na mimi ningepanga huyo dada yake aje na gari amngojee nje ya geti wakakae nyumbani siku nzima miguu juu ya kiti wakalie yao ya miaka hio. Masafari ya soko na ngome wawaachie watalii.

Dawa. Hapa sikilizeni vizuri manake hapa ndio watu wetu wanaponzwa. Kama bado atakua kwenye dawa za kufanya damu isigande, asinunue diclofenac wala brufen duka la dawa ati goti limeuma, hizo zikikutana na zile zinaweza kumtoa damu tumboni. Na vidonge vya kuzuia kutapika baharini vingi vinaleta usingizi, vikikutana na dawa kali ya maumivu kama tramadol mama ataamka usiku kwenda choo amelewa, kwenye sakafu inayocheza. Akianguka na goti lile mfupa unaweza kuvunjika pale kwenye chuma, na hio ndio operesheni ambayo hakuna daktari anaipenda. Amuulize daktari wake ampe ipi, na dawa zote akae nazo kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye begi la chini la ndege.

Daktari wa melini yupo kweli, kaka hakudanganya, na nesi wapo, na X-ray mara nyingi ipo. Lakini chumba chao ni cha kutuliza mtu mpaka afikishwe hospitali ya nchi kavu, usifikiri kuna mtu wa kufungua goti pale. Na bili inaingia kwenye akaunti ya kabini, pesa ya dola. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, hapo haikusaidii kitu. Mukate bima ya safari na muandike wazi kwenye fomu kwamba amefanyiwa operesheni tarehe fulani, mukificha bima haitalipa, na nyingi hazilipi pia kama daktari alikukataza kusafiri ukaenda. Muulize hasa kama inalipia kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta, manake hio ndio bili ya kuuza shamba.

Vidogo vidogo: viatu vya kufunga nyuma, makubadhi na kandambili abaki nayo Lamu. Buibui lipandishwe upindo, linaloburura likikanyagwa kwenye lile daraja la kuingilia meli ni balaa. Bwawa na jakuzi asitie mguu mpaka kidonda kimefunga kabisa na daktari amesema, na hata kikifunga maji ya moto yanazidisha uvimbe. Mikono kwa sabuni kabla ya kula, sio ile jeli tu, meli zinakua na virusi vya kutapika na kuharisha na jeli ya spiriti haiviwezi vizuri. Kwenye ndege kiti cha njiani, anyanyuke kila saa, akikaa achezeshe vifundo vya miguu juu chini juu chini. Msaada wa kiti cha magurudumu eapoti uombwe siku mbili kabla, asione haya, hata mabalozi wanasukumwa.

Sasa mtajuaje kama yuko tayari hio Machi au lini itakapofika? Daktari ataangalia yake, picha na kidonda. Mimi nataka mumpeleke jeti. Chagueni siku ya maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, sio bamvua maji yametoka mpaka chini, ashuke ngazi akiwa na fimbo moja na mtu mmoja mbele yake, mguu wa operesheni ukishuka kwanza, na kupanda ule mzima ukitangulia, kama fizio alivomfundisha. Aingie boti, avuke Manda, arudi. Akiweza hivo bila kubebwa na goti lisivimbe kama tikiti siku ya pili, meli ya mwanawe ataiweza. Akishindwa, bado, apige mazoezi.

Na kabla, wakati, na baada ya safari: kigimbi kikivimba upande mmoja, kina joto na kinauma, hospitali siku hio hio. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikiuma, au akikohoa damu, hapo hakuna kungoja asubuhi wala kungoja maji yajae. Homa, au kidonda kutoa maji na kua chekundu, pia msikandekande nyumbani na mafuta ya nazi, mpelekeni.

SWALI: Habari nesi. Mimi nahodha wa boti ya vioo hapa Malindi, marine park, ile hifadhi ya baharini. Msimu huu wageni wengi wazee, wazungu na hata wetu kutoka Nairobi, na wiki iliopita mmoja akaniambia tukishaondoka kwamba ana nyonga mpya! Nilikua nishamvuta mkono kumpandisha. Je ninaweza kumdhuru mtu hivo? — Nahodha, Malindi

JIBU: Unaweza ndio, kama nyonga yenyewe ni mpya kweli. Nyonga ya miaka miwili usiwe na hofu nayo sana. Lakini ya chini ya miezi mitatu inaweza kuchomoka, hasa mtu akikunja nyonga zaidi ya digrii 90, akikunja miguu nne, au akigeuza mwili mguu ukiwa umekanyaga. Sasa tizama boti yako. Benchi fupi, magoti yamepanda juu kuliko kiuno, alafu huyo mtu ameinama mbele kuchungulia kioo kati ya miguu yake aone samaki. Mkao ule ndio ule ule tunaowakataza wodini! Kuvuta mkono si tatizo kubwa kama huko kuchungulia.

Kwahivo uliza pwani kabla watu hawajaloa: nani amebadilishwa goti au nyonga, na lini. Wengi hawasemi mpaka waulizwe. Akisema wiki sita, mwambie kwa upole marine park ipo tangu 1968 haitahama, aje mwaka ujao. Akisema miezi minne mitano na daktari karuhusu, muweke kwenye kiti cha juu, hata ukitia mto mgumu mbili, akae pembeni ya kioo aangalie kwa ubavu bila kuinama. Kupanda, ngazi imefungwa imara, yeye ashike wewe sio wewe umvute, mguu mzima utangulie, mtu mmoja nyuma yake majini. Na asubuhi ya kaskazi bahari imetulia, ile miezi ya kusi mawimbi yanapiga ngazi usimpandishe kabisa.

Ikitokea akapiga ukelele na mguu ukaonekana mfupi na umegeuka ndani, nyonga imetoka. Usiuvute kuurudisha, hata kama yuko mtu botini anasema anajua. Mlaze, mto kati ya miguu, rudi pwani pole pole, na abebwe kwa ubao mpaka hospitali.

SWALI: Anti, mimi wa Shela, nina goti la chuma na daktari kanipa kadi. Nikipita eapoti nikionyesha kadi si wataniachia? Na sala melini nafanyaje na sijui qibla kiko wapi? — Mzee wa Shela

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kadi ichukue lakini usiitegemee, chuma cha goti ni kobalti au titani na mlango ule utalia, na kadi haikuondolei upekuzi, yoyote anaweza kuchapisha kadi. Sema mapema kabla hujapita kwamba una goti bandia, vaa kanzu au suruali inayopanda juu ya goti kwa urahisi waone kovu, utapitishwa kifaa cha mkono au mashine ya kusimama na mikono juu, dakika mbili umemaliza. Ukitaka chumba cha pembeni una haki kuomba.

Sala, upande wa goti naweza kukujibu: kwenye kiti, kiti kigumu chenye mikono sio sofa, na kusujudu kwa magoti acha mpaka daktari na fizio wakukubalie, wengine hata baadae hawapendi kwa vile ngozi ya mbele ya goti inakua na ganzi. Qibla cha meli inayogeuka na kupunguza sala safarini, hayo muulize maalim wako kabla hujaondoka, mie nesi tu.

Maswali ya toleo lijalo tuma mapema, na tafadhali andikeni operesheni ilikua tarehe gani na mguu upi.